Jina la Jamalilail lilipita wapi hadi kufika Lamu

SWALI: Jina letu la ukoo ni Jamalilail. Babu mzaa baba alizaliwa Lamu, akazikwa Mombasa. Wazee wa upande wake wanasema sisi ni Wangazija. Shangazi anasema asili yetu ni Hadhramaut. Mjomba wa baba naye anashikilia Pate. Cheti cha baba kimeandikwa "Jamaleli", na cha shangazi hakina jina hilo kabisa. Mwenye kweli ni nani, na nikitaka kufuatilia nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, yawezekana wote watatu wamesema kweli, kila mmoja akakutajia kituo kimoja cha safari ile ile. Njia kuu ya ukoo huu kuja huku inafahamika: Tarim katika Hadhramaut (Yemen), kisha Pate, kisha Ngazija (Komoro), kisha Lamu na miji mingine ya mwambao. Usichokijua bado ni tawi lenu lilipita vituo vipi, kwa sababu si kila mwenye jina hili amevipita vyote. Lakini kabla hujaenda mbali, mpime huyo mjomba wa baba. Yeye ni ndugu wa bibi yako, si wa babu. Akisema "sisi tumetoka Pate", huenda anasimulia ukoo wake mwenyewe, na jina la Jamalilail halipiti kwake hata kidogo. Muulize wazi: Pate ni kwa nani, kwa baba yake yeye au kwa baba wa shemeji yake?

Sasa jina lenyewe. Masharifu wa Hadhramaut wanajinasibu na Ahmad bin Isa, aliyeitwa al-Muhajir, aliyeondoka Basra mwaka 317 wa Hijria (929). Kizazi chake kikaitwa Ba Alawi kwa jina la mjukuu wake Alawi, na baadaye kikatua Tarim. Kadiri watu walivyoongezeka, huku majina ni yale yale, Ahmad, Abdallah, Ali na Muhammad, nyumba zikawa zinatambulikana kwa lakabu za wakubwa wao. Mmoja wao ni Muhammad bin Hasan, aliyefariki Tarim mwaka 845 Hijria (1441). Huyu ndiye aliyeitwa Jamal al-Layl kwa ibada zake za usiku, na watoto wake wakalirithi jina. Nasaba yake kwenda juu ni hii: Muhammad Jamal al-Layl, bin Hasan al-Muallim, bin Muhammad Asadullah, bin Hasan al-Turabi, bin Ali, bin Muhammad al-Faqih al-Muqaddam, aliyefariki 653 Hijria (1255).

Yaandike majina hayo sita pembeni. Ndiyo kipimo chako cha kwanza. Shajara yoyote, yaani mti wa nasaba, utakayoletewa, kama kweli ni ya ukoo huu, lazima ipite hapo kwa mpangilio huo. Ikimruka al-Faqih al-Muqaddam na kupita kwa mtu mwingine asiyekuwemo, basi ama ni ya ukoo tofauti ama mnakili aliharibu.

Katika hati za Kiarabu jina huandikwa jim, mim, lam, bila alifu katikati. Watu wengi wakitafuta hulitia alifu kwa kudhani ni "jamali", yaani uzuri, kisha wakashangaa hawapati kitu. Ni "jamal", ngamia: Waarabu humwambia mtu anayekesha kwamba ameufanya usiku kuwa ngamia wake wa safari.

Ukilitafuta jina mtandaoni utaletewa kwanza Malesia. Ukoo wa kifalme wa Perlis, uliotawala tangu 1843, ni Jamalullail, na masultani wa Pontianak huko Borneo, mji ulioanzishwa 1771, ni wa tawi la al-Qadri lililotoka katika nyumba hii hii. Hao ni ndugu wa mbali sana, walielekea mashariki wakati wenu walielekea kusini. Usipoteze wiki kwao. La kukumbuka ni hili la al-Qadri: tawi likipata lakabu mpya huiacha ile ya zamani, kwa hiyo mtu anaweza kuwa ndugu yako wa damu na jina lake likawa jingine kabisa.

Kituo cha Pate kinaeleweka ukitazama bahari. Jahazi za Hadhramaut zilitoka bandari ya Shihr, na baadaye Mukalla, zikashuka na kaskazi kati ya Desemba na Machi, zikarudi na kusi. Visiwa vya Lamu ni miongoni mwa bandari za mwanzo kufikiwa kwa anayetoka kaskazini. Hadhramaut yenyewe ilikuwa na ukame na vita vya makabila, na Shihr ilishambuliwa na Wareno mwaka 1523. Katika karne za 16 na 17 nyumba kadhaa za Masharifu zilikuwa zimekaa Pate, maarufu zaidi wakiwa wa kizazi cha Shekhe Abubakar bin Salim wa Inat, aliyefariki 992 Hijria (1584). Huko ndiko alikotoka mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Jamalilail nao walikuwa hapo. Mji huo ulipigwa vibaya na Wareno mnamo 1678 na 1679, na ulipodhoofika kabisa baada ya vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, wenyeji wengi walihama.

Kutoka Pate matawi yalishuka Ngazija, na hapa ndipo mkanganyiko wa familia nyingi unapozaliwa. Ngazija ukoo wa mji, unaoitwa inya, hupita kwa mama. Nyumba na mashamba ya manyahuli hushuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti, hayagawiwi kama mirathi ya kawaida, na mume ndiye anayehamia nyumbani kwa mke. Sasa mchukulie Sharifu aliyefika kutoka Pate akaoa Ngazija. Watoto wake wamechukua kwake nasaba na jina, lakini mji wao, nyumba yao, nafasi yao katika mikutano ya wazee na wajomba wa kuwasimamia vyote ni vya mama. Ukienda kuuliza "fulani ni wa wapi?" utatajiwa mji wa mamake. Mwanawe naye ataoa mji mwingine na kuhamia huko, na wajukuu watakuwa wa mji wa tatu. Vizazi vitatu, miji mitatu, jina moja. Mtu asiyejua desturi hii hudhani ni koo tatu, au hudhani kuna aliyedanganya.

Kwa hiyo Ngazija usiulize kwa jina la ukoo peke yake. Uliza kwa jozi: jina la mume pamoja na jina la mkewe na mji wa mke. Kama mnalo jina la mama yake babu wa babu, hilo ndilo ufunguo, kwa sababu wazee wa inya hukumbuka wanawake wao na nani aliwaoa, hata pale walipomsahau baba wa huyo mume. Familia zinazofika Moroni na shajara ya wanaume watupu hurudi mikono mitupu.

Lamu, jina hili lilipata sifa kwa Habib Saleh, yaani Saleh bin Alawi Jamalilail, mzaliwa wa Ngazija aliyehamia Lamu karne ya 19, akasomesha na kujenga msikiti na chuo cha Riyadha, akafariki 1935. Riyadha ipo Langoni, mtaa wa kusini walikokaa wageni wengi, Wangazija wakiwemo, wakati wenyeji wa zamani walishika Mkomani. Tangu hapo kila Jamalilail wa Lamu hudhaniwa kuwa mjukuu wa Habib Saleh. Si lazima. Jina lilikuwepo katika visiwa hivyo kabla yake, na wapo wanaoungana naye kwa babu wa juu tu. Babu yako akiwa alizaliwa Langoni, dhana ya Ngazija inapata nguvu. Akiwa alizaliwa Mkomani, au Siyu, au Faza, miji ya kisiwa cha Pate, anza kwa kuitazama Pate moja kwa moja.

Yako pia matawi yaliyokwenda Unguja na Madagaska. Ya Madagaska yalirudi Komoro kwa haraka baada ya mauaji ya Mahajanga ya Desemba 1976, wengine kwa ndege za shirika la Sabena, ndiyo maana wakaitwa Wasabena. Mkiwa na ndugu waliopotea katikati ya karne iliyopita, huko ni mahali pa kuuliza.

Haya, kazi yenyewe. Anzia nyumbani na urudi nyuma, kizazi kwa kizazi. Usianze na Tarim. Kosa kubwa la kazi hii ni kuchukua shajara nzuri ya zamani na kujaribu kuishonea jina la babu chini yake.

Kwanza tahajia. "Jamaleli" ya baba yako ni karani aliyeandika alivyosikia. Tafuta pia Jamalilail, Jamalullail, Jamal el Leil, Jamalileyl, na kwa hati za Komoro zilizoandikwa Kifaransa, Djamalillail. Kisha ujue kwamba vyeo huingia kwenye hati vikawa majina: Sharif, Seyyid, Habib, Mwenye, Mwinyi, na kwa Wangazija, Said. Karani akiandikiwa "Said Ahmed bin Alawi" ataliweka faili kwenye S, na Said si jina la mtu hapo, ni kama kusema Sharifu. Basi katika kila faharasa pitia J, D, S, M, na A ya "Al-". Tena pitia kwa jina la babu, maana wengi waliandikishwa kwa majina matatu, na jina la tatu likawa la babu badala ya ukoo.

Ndivyo ilivyo kwa shangazi yako, kwa uhakika karibu wote. Cheti chake kina jina lake, la baba na la babu, jina la ukoo likaachwa. Dawa yake ni daftari la ndoa la kadhi. Katika ndoa ya Kiislamu walii, yaani anayemwoza binti, hutoka upande wa baba: baba mwenyewe, babu mzaa baba, kaka, ami, au mtoto wa ami. Ukisoma jina kamili la walii umelisoma jina la ukoo la bibi harusi, hata kama lake halikuandikwa. Tazama na mashahidi, lakini kwa tahadhari, kwani shahidi yeyote mwadilifu anafaa. Na kwa Masharifu, ambao kwa desturi hawakuwa wakiwaoza binti zao nje ya Masharifu, jina la bwana harusi pia hukuambia familia ilikuwa inajihesabu wapi.

Hati za mirathi ni bora zaidi kuliko vyeti, na watu huzidharau kwa kuwa zinaonekana ni hesabu tu. Chukua mfano. Marehemu ameacha mke mmoja na mabinti wawili, hana mtoto wa kiume, wala wazazi. Mke hupata thumni, yaani 1/8. Mabinti thuluthi mbili, 2/3. Ukiifanya mali mafungu 24, mke ana 3, mabinti 16, jumla 19. Yamebaki 5, na hayo huenda kwa asaba, yaani jamaa wa upande wa baba, aliye karibu zaidi. Basi kadhi lazima amtafute na amtaje huyo asaba kwa jina na kwa nasaba: "fulani bin fulani bin fulani, mtoto wa ami yake". Hapo, katika mstari mmoja wa mgao, umepewa tawi zima la ukoo ambalo familia ilishalisahau, limethibitishwa na mahakama mbele ya watu waliokuwa na sababu ya kupinga. Angalia tu kama mpokeaji ni mwanamume. Dada wa marehemu anaweza kuchukua baki akiwa pamoja na mabinti, na yeye hakupi tawi jipya. Ombeni hati hizi katika mahakama ya kadhi ya Lamu na ya Mombasa, kwa jina la marehemu na mwaka wa kufa, si kwa jina la mwombaji.

Pwani ya Kenya kuna hazina nyingine. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye mashamba na viwanja vya mwambao wapeleke madai yao kwa msajili, na dai lilihitaji kueleza mali imepatikanaje: kwa kununua, kwa hiba au kwa kurithi kutoka kwa nani. Dai la mwaka 1910 la mtu mzima linaweza kukutajia baba aliyekufa muda mrefu kabla ya cheti chochote cha kizazi kuwepo. Uliza ofisi ya ardhi na Nyaraka za Taifa Nairobi. Kwa Unguja ziko nyaraka za Kilimani, na faili za wakfu huko ni nzuri, kwa sababu mwenye kuweka wakfu hutaja nani atausimamia baada yake. Kwa Komoro, nenda kituo cha nyaraka na utafiti cha Moroni, CNDRS. Lakini kumbuka kwamba kati ya 1912 na 1946 visiwa viliendeshwa kutoka Madagaska, hivyo sehemu ya karatasi za utawala zipo Antananarivo na nyingine Aix-en-Provence, Ufaransa.

Ukishafika kwa baba wa babu wa babu kwa ushahidi wa karatasi, sasa fungua shajara.

Hakikisha kwanza kwamba ni shajara. Nyumba nyingi za Masharifu zina karatasi iliyokunjwa yenye majina mfululizo hadi kwa Mtume, na ikifunguliwa vizuri inaonekana ni silsila, yaani mlolongo wa masheikh walioipokezana tarika au elimu. Alama yake: silsila husema "an", au "akhadha an", kutoka kwa fulani, nasaba husema "bin", "ibn". Kwa Ba Alawi mara nyingi baba ndiye sheikh wa mwanawe, kwa hiyo majina mengi hufanana, na hilo ndilo linalowapoteza watu.

Kisha hesabu vizazi. Tangu 1441 hadi mtu aliyezaliwa 1950 ni miaka 509. Kwa kizazi cha miaka 30 hadi 35 unategemea majina kati ya 15 na 19, ukimhesabu na yeye. Yakiwa 14 au 20, usishtuke. Yakiwa 9, kuna majina yamepotea, na sababu yake kwa kawaida ni jicho la mnakili. Tazama mlolongo huu wa mfano: Alawi bin Abdallah bin Hasan bin Ahmad bin Umar bin Abdallah bin Hasan bin Harun. Mnakili ameandika "Abdallah bin Hasan", ameinua kichwa kuchovya wino, na aliporudi jicho likatua kwenye "Abdallah bin Hasan" ya pili. Akaendelea: bin Harun. Wanne wametoweka, na mlolongo uliobaki unasomeka vizuri kabisa: Alawi bin Abdallah bin Hasan bin Harun. Hakuna atakayegundua mpaka alinganishe na nakala ya tawi jingine. Kwa hiyo tafuta nakala mbili zisizotokana na moja, na linganisha hasa pale majina yanapojirudia.

Miaka ya Hijria igeuze hivi: zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Mwaka 1354 unakuwa 1313.4, ukiongeza 622 unapata 1935, ndio mwaka wa kifo cha Habib Saleh. Kosa haliwezi kuzidi mwaka mmoja hivi.

Rejeo ambalo watu wa nasaba hulitegemea ni Shams al-Dhahira, la Abdurrahman al-Mashhur, mufti wa Hadhramaut aliyefariki 1902, na shajara kubwa zinazohifadhiwa Tarim. Ukisaidiwa kuzisoma, macho yako yatafute maelezo madogo pembeni ya majina. "Bil-Sawahil" ni huku kwetu. "Batta" ni Pate, maana Kiarabu hakina herufi ya P. Penye "aqibuhu" pakifuatiwa na mahali, hapo ndipo kizazi chake kilipo. Penye "inqaradha" tawi limekatika kwa wanaume. Kama babu yenu ananing'inia kwenye jina lenye neno hilo, shajara yenu ina tatizo, au mwandishi wa Tarim hakupata habari za mtoto aliyezaliwa ng'ambo. Hilo la pili lilitokea mara nyingi, kwani aliyeoa Ngazija au Pate alikuwa mbali na wanaoandika. Lakini usilitumie kama kisingizio cha kuunga majina bila hati.

Makaburi yapigie picha asubuhi au alasiri, jua likiwa pembeni, au mulika tochi kwa upande ili maandishi yatoe kivuli. Usipake chaki wala unga, na usisugue kwa brashi ya waya. Chokaa ya zamani humeguka na maandishi kwenda nayo.

Wengine watakushauri kipimo cha vinasaba. Kina kazi moja tu hapa: kulinganisha kromosomu Y ya wanaume wawili wa matawi mawili, alama 37 au zaidi, ili kujua kama wana babu mmoja wa kiumeni. Hakiwezi kukuambia mlipita Pate. Na ujiandae kwa jibu lolote, kwa sababu nyumba kubwa za zamani zilikuwa na wanafunzi, walezi na watumwa walioachwa huru, na baadhi yao walibaki wakijulikana kwa jina la nyumba. Kama wazee hawajaridhia, liache.

Kwa wiki hii, fanya mawili. Mpigie shangazi umuulize jina la mama yake babu na mtaa aliozaliwa babu, Langoni au kwingineko. Kisha omba mahakama ya kadhi Mombasa hati ya mirathi ya babu, kwa kuwa huko ndiko alikozikwa na yaelekea ndiko mali yake iligawiwa.